Matt Talbot: Kibarua wa Dublin Aliyeacha Pombe kwa Miezi Mitatu, Kisha Milele



Wapendwa vijana, leo nawaletea mtu ambaye hakuanzisha shirika, hakuandika kitabu, wala hakusimama kwenye mimbari hata mara moja. Alikuwa saidia fundi, baadaye kibarua kwenye ghala la mbao. Siku alipoanguka na kufa njiani akienda Misa, waliomwokota hawakumjua ni nani. Na kabla ya hapo, kwa miaka kumi na sita ya ujana wake, alikuwa mlevi. Simaanishi mnywaji wa sikukuu. Mlevi hasa, yule ambaye majirani wakimwona anakuja wanabadilisha njia.

Anaitwa Matt Talbot, wa Dublin, Ayalandi. Namleta kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu tunaye mtu nyumbani: baba, kaka, mjomba, au tuseme ukweli, wengine ni sisi wenyewe. Pili, kuna maneno yanazunguka vijiweni, nayo yanasemwa na vijana wenye akili zao: kwamba eti bangi ni kitu cha asili, ubongo wenyewe unatengeneza bangi yake, kwa hiyo anayetaka kuacha pombe ahamie huko. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Ndiyo maana ni ya hatari. Tutayafikia, lakini tuanze na Matt.

MTOTO WA MTAA WA WALEVI

Matt alizaliwa tarehe 2 Mei 1856, mtoto wa pili kati ya watoto kumi na wawili wa Charles na Elizabeth Talbot. Dublin ya wakati ule ilikuwa mji wa vyumba vya kupanga vilivyojaa familia, kazi za kibarua, na baa kila kona. Baba yake alikunywa sana. Kaka yake mkubwa alijizuia, lakini karibu wavulana wengine wote wa nyumba ile walifuata nyayo za baba. Mama ndiye aliyebeba mzigo, kama ilivyo kwenye nyumba nyingi tunazozijua.

Shule alisoma kidogo tu. Alipofika miaka kumi na miwili alipelekwa kazini, na kazi yenyewe ilikuwa kwa wafanyabiashara wa vileo, kwenye kujaza chupa. Fikiria mtoto wa miaka kumi na miwili, anashinda katikati ya chupa, na wakubwa wanaomzunguka wanaonja kila mara. Naye akaanza kuonja. Baba yake alipoona kijana anarudi nyumbani amelewa, alimchapa, kisha akamhamishia kwenye maghala ya bandari alikokuwa akifanya kazi yeye mwenyewe, ili awe karibu naye. Kumbe huko kulikuwa na wiski! Mtoto akatoka kwenye bia akaingia kwenye pombe kali.

Hapo tusimame kidogo. Leo wanasayansi wanatuambia mambo mawili kuhusu mtoto kama huyo. La kwanza, uelekeo wa kuwa mtegemezi wa pombe hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu ya hatari hiyo inatoka kwenye damu ya ukoo. La pili, ubongo wa mwanadamu haujakomaa hadi umri wa miaka ishirini na tano hivi, na anayeanza kunywa akiwa mdogo yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kunaswa kuliko anayeanza akiwa mtu mzima. Matt alikuwa na yote mawili. Sisemi hakuwa na hiari. Nasema alianza mbio akiwa nyuma ya wenzake.

MIAKA KUMI NA SITA

Alipokua akawa saidia fundi, kazi ya kubeba matofali na udongo. Alikuwa na nguvu na hakuwa mvivu, na hilo waliofanya naye kazi walilikubali. Lakini mshahara wa wiki ulikuwa unaishia baa. Yeye na ndugu zake walikuwa wanakunywa mpaka senti ya mwisho, wakiishiwa wanakopa, mkopo ukikataliwa wanaweka rehani nguo. Kuna siku alirudi nyumbani bila viatu kwa sababu viatu vimekuwa pombe. Mama yake hakupata chochote cha maana kutoka kwenye mshahara wa kijana mwenye nguvu kiasi kile.

Kitendo kilichomfuatilia maisha yote ni hiki: yeye na wenzake waliiba fidla ya mwanamuziki maskini wa barabarani, wakaiuza, wakanywa. Kwa yule mtu fidla ile ilikuwa jembe lake, ndiyo iliyomlisha.

Ikafika mwaka 1884. Matt ana miaka ishirini na minane. Alikuwa amekaa wiki nzima bila kazi, mfukoni hana kitu. Jumamosi, siku ya mishahara, akaenda kusimama karibu na baa akiwasubiri wenzake watoke kazini. Alikuwa na uhakika. Yeye alipokuwa na hela aliwanunulia wote, sasa ni zamu yao. Wakapita. Mmoja akasalimia, mwingine akaendelea na safari. Hakuna aliyemkaribisha ndani hata kwa glasi moja.

Vijana, kuna aibu inayoua, na kuna aibu inayofungua macho. Matt aliondoka pale, akarudi nyumbani mapema, kitu ambacho mama yake hakukizoea. Akamwambia mama kwamba anataka kwenda kula kiapo cha kuacha pombe. Mama, aliyekwisha kusikia ahadi nyingi za wanaume wa nyumba ile, alimpa baraka, ila akamwonya asile kiapo kama hana nia ya kukishika.

Akaenda Holy Cross College, Clonliffe. Hiyo ni seminari, na mimi kama frateri hapo huwa natabasamu: mlevi aliyeachwa na marafiki aligonga mlango wa seminari. Akaungama, akala kiapo mbele ya padri. Kiapo cha muda gani? Miezi mitatu tu.

Kesho yake alfajiri alikuwa kwenye Misa ya saa kumi na moja katika kanisa la Wajesuiti, Mtaa wa Gardiner, akapokea Ekaristi.

KILICHOKUWA KINATOKEA KICHWANI

Sasa tuje kwenye ile nusu ya ukweli niliyoitaja mwanzoni. Twende taratibu.

Mwaka 1964 mjini Rehovot, Israeli, mkemia Raphael Mechoulam na mwenzake Yehiel Gaoni walitambua kemikali inayomlevya mtu anayevuta bangi. Inaitwa THC. Swali likabaki: kwa nini kemikali ya mmea ifanye kazi kichwani mwa binadamu? Kufuli halifunguki mpaka kuwe na tundu la ufunguo. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani wakaonyesha kwamba tundu hilo lipo: kwenye seli za ubongo kuna vipokezi, ambavyo leo tunaviita CB1. Mwaka 1992 kundi la Mechoulam likapata ufunguo ambao mwili wenyewe hutengeneza. Wakauita anandamidi, kutoka neno la Kisanskriti lenye maana ya raha kuu. Baadaye wa pili ukapatikana. Mfumo huu wote, yaani funguo na matundu yake, ndio unaoitwa mfumo wa endokanabinoidi. Maana yake ni kanabinoidi za ndani, zile ambazo mwili unajitengenezea.

Kazi yake ni nini? Ufikirie kama breki. Seli za ubongo huzungumza kwa kupeana kemikali, moja inatuma, nyingine inapokea. Kelele zikizidi, seli inayopokea hutengeneza kiasi kidogo cha endokanabinoidi na kuirudisha kwa ile inayotuma, kama mtu anayeinua mkono kumwambia mwenzake apunguze sauti. Kazi ikiisha, kemikali hiyo inavunjwa mara moja. Kwa njia hiyo mwili hutuliza hofu na maumivu, huamsha hamu ya chakula, hupima furaha. Muumba ameweka ndani yetu kitulizo kinachotolewa kwa tone, mahali panapohitajika, kwa wakati wake.

Pombe inaingilia hapo. Mtu anapokunywa, pamoja na mambo mengine mengi kwenye ubongo, pombe huuchochea mfumo huu kwenye sehemu zinazohusika na raha, na dopamini inapanda. Ndiyo ule uchangamfu wa glasi za kwanza. Lakini mwili haupendi kusukumwa kila siku. Ukisukumwa kila siku, unaanza kuziba matundu: vipokezi vinapungua au vinakuwa vizito kuitikia. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliopiga picha bongo za watu waliolazwa ili waache pombe. Vipokezi vya CB1 vilionekana pungufu kwa asilimia 20 hadi 30 kuliko kwa watu wasio na utegemezi. Na baada ya wiki mbili hadi nne bila tone la pombe, vilikuwa bado havijarudi.

Sasa unaelewa arosto. Mtu ameacha pombe, lakini breki zake za asili zimelegea. Halali, anatoka jasho, mikono inatetemeka, hofu inamjia bila sababu, chakula hakina ladha, hata habari njema haimfurahishi. Anachojua ni kwamba glasi moja ya kuzimua itatuliza yote. Marafiki wanasema hana msimamo. Kumbe mtu yule anaendesha gari lisilo na breki mteremkoni, nasi tumesimama pembeni tunamcheka anavyoyumba.

Katika ziara za jumuiya nimesikia maelezo matatu juu ya walevi. Wa kwanza wanasema amerogwa. Wa pili wanasema hana aibu. Wa tatu, hasa waliosoma kidogo, wanasema ni ugonjwa tu, hana la kufanya. Mama mmoja alinishika mkono akaniomba nimwombee mwanawe afunguliwe, na wakati huohuo alikuwa amekwisha kumfukuza nyumbani. Sikumlaumu, alikuwa amechoka. Lakini maelezo yote matatu yanamwacha kijana yule peke yake. La uchawi linamtafuta adui nje. La aibu linamwongezea mzigo. La ugonjwa tupu linamnyang'anya hata kile kidogo cha uhuru kilichobaki. Maisha ya Matt yanatuonyesha njia ya nne.

NJIA YA NNE

Hakuna mtu Dublin mwaka 1884 aliyejua habari za vipokezi. Kipokezi cha kwanza kilionekana miaka sitini na mitatu baada ya Matt kufa. Lakini angalia alivyofanya, utadhani alisoma.

Kwanza, hakuapa makubwa. Aliapa miezi mitatu. Ilipoisha akaongeza sita. Ilipoisha hiyo ndipo akaapa kwa maisha yote. Sisi tunaapa mkesha wa Mwaka Mpya mambo ya milele, tarehe tano Januari tumerudi kijiweni. Kama ubongo unahitaji zaidi ya mwezi hata kuanza kurudisha kilichopotea, basi mwezi wa kwanza ni wa kuvuka tu, si wa kujisikia vizuri. Matt hakujisikia vizuri. Miezi ile mitatu ilikuwa mateso, na inasemekana alimwambia mama yake kwamba ikiisha atarudi kunywa. Hakurudi.

Pili, alibadilisha njia zake. Falsafa niliyosoma seminarini ilinikutanisha na mzee Aristotle, aliyefundisha kwamba mtu huwa kile anachokirudia. Hauwi mwema kwa kutamani wema, unakuwa mwema kwa kutenda, leo na kesho na keshokutwa, hadi tabia inakuwa kama maumbile ya pili. Yeye alijua pia kuna mtu anayejua lililo jema na bado anatenda baya. Mtume Paulo naye, katika Waraka kwa Warumi sura ya saba, analia kilio hichohicho. Basi Matt alipotoka kazini jioni, saa ileile aliyozoea kwenda baa, alikwenda kanisani. Alijaza lile pengo. Saa ya hatari aliipa mwenyeji mwingine.

Kuna jioni moja ilimshinda kidogo. Alikuwa na fedha mfukoni, akaingia baa akasimama kaunta. Mhudumu alikuwa na wateja wengi, hakumwangalia. Matt akasubiri, mwisho akatoka, akaenda moja kwa moja kanisani akakaa humo hadi milango ilipofungwa. Tangu siku hiyo akaamua kutotembea na hela mfukoni. Hilo ni jambo dogo, lakini lina akili nyingi: hakutegemea nguvu zake za saa ya kishawishi, alifunga mlango mapema. Baadaye aliacha na tumbaku pia, nayo haikuwa rahisi.

Tatu, hakuwa peke yake. Alikuwa na padri muungamishi. Aliongozwa kiroho na Dk. Michael Hickey, profesa wa falsafa pale Clonliffe. Mwaka 1890 aliingia Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko, ule wa walei. Padri James Cullen, Mjesuiti, alipoanzisha mwaka 1898 chama cha Mapionia, yaani watu wanaojinyima pombe kwa heshima ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, Matt alikuwa mwanachama. Chama hicho kimefika hadi huku kwetu Afrika Mashariki. Mlevi huponea katika jumuiya. Aliyenaswa akiwa na kundi, ni nadra ajinasue akiwa peke yake.

Nne, alilipa. Alizunguka kwenye mabaa aliyokuwa na madeni, akalipa moja baada ya jingine. Yule mwanamuziki wa fidla alimtafuta mji mzima, hakumpata. Fedha aliyokuwa amemwekea akaitoa kwa ajili ya Misa za kumwombea.

JE, AHAMIE KWENYE BANGI?

Sasa yale maneno ya kijiweni. Ni kweli ubongo unatengeneza kitu kinachofanana na bangi kwa kazi. Lakini tofauti ni kama ya tone la mvua na mafuriko. Anandamidi inatolewa kidogo, mahali fulani, inavunjwa mara moja. THC inaingia kila mahali kwa pamoja na inakaa. Na tundu inaloliingilia ni lilelile la CB1 ambalo pombe imekwisha kulichosha. Unamtibu aliyeungua kwa kumsogeza kwenye moto mwingine.

Tafiti za maabara zinasema hivi: panya waliozaliwa bila vipokezi vya CB1 hunywa pombe kidogo kuliko wenzao, na panya waliopewa dawa za kuamsha vipokezi hivyo hunywa zaidi. Yaani mlango huo ukisukumwa, kiu ya pombe huongezeka, haipungui. Huko kijiweni hili halisemwi.

Basi wanasayansi wakafikiri, tuufunge mlango wenyewe. Wakatengeneza dawa ya kuziba CB1, rimonabanti. Ulaya iliruhusiwa mwaka 2006 kwa ajili ya kupunguza unene. Ikajaribiwa pia kwa watu wenye utegemezi wa pombe, faida ya wazi haikuonekana. Na mwaka 2008 ikaondolewa sokoni Ulaya, kwa sababu baadhi ya waliotumia walizama kwenye huzuni nzito, wengine wakapata mawazo ya kujiua.

Jambo hilo nimelitafakari sana. Mlango unaopitisha raha ya pombe ndio huohuo unaopitisha raha ya mkate, ya usingizi, ya kukaa na watu unaowapenda. Ukiuziba kabisa, pombe inabaki nje lakini na furaha inabaki nje. Kwa hiyo dawa ya mlevi haiwezi kuwa kuua hamu. Hamu yenyewe ni zawadi ya Mungu iliyopotezwa njia. Inahitaji kurudishwa nyumbani. Kanisa linafundisha, na Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilieleza vizuri, kwamba neema haifuti maumbile, inayaponya na kuyainua. Matt hakuwa mtu asiyetamani. Alitamani sana, ila kiu yake ilipata kisima.

MIAKA ARUBAINI NA MMOJA

Aliishi miaka arubaini na mmoja bila pombe. Aliamka usiku kusali, akaenda Misa kila siku kabla ya kazi, akafanya kazi kama wengine kwenye ghala la mbao la T. & C. Martin. Alilala juu ya ubao, na mto wake ulikuwa gogo. Sehemu kubwa ya mshahara iliwaendea maskini na wamisionari. Aliishi na mama yake hadi mama huyo alipofariki. Mwanamke aliyezoea kufunguliwa mlango na mlevi, miaka yake ya mwisho alitunzwa na mtu mwenye sala.

Yeye aliyesoma shule kidogo alijifunza kusoma vitabu vizito: Biblia, Maungamo ya Mtakatifu Augustino, maisha ya watakatifu. Alisoma polepole, akimwomba Roho Mtakatifu amfafanulie. Na walevi hakuwadharau kamwe. Aliwaasa watu wasimhukumu asiyeweza kuacha pombe, maana alijua mwenyewe ugumu wake, na alijua pia nani aliyemsaidia.

Tarehe 7 Juni 1925, Dominika ya Utatu Mtakatifu, akiwa na miaka sitini na tisa na moyo uliochoka, alianguka kwenye kichochoro cha Granby Lane akiwa njiani kwenda Misa. Hospitalini walipomvua nguo walikuta minyororo imezungushwa mwilini mwake. Ilikuwa ishara ya kujiweka wakfu kwa Bikira Maria, kwa namna aliyofundisha Mtakatifu Louis de Montfort. (Tafadhali, msiige hilo. Yeye alikuwa na kiongozi wa kiroho. Wewe anza kwa kuzima simu saa nne usiku.) Alizikwa siku ya Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alitangaza kwamba aliishi fadhila za Kikristo kishujaa. Masalia yake yapo katika kanisa la Mama Yetu wa Lurdi, Dublin, na watu wenye uraibu wa kila aina wanakwenda kusali pale.

Nimekuwa nikijiuliza ile minyororo ina maana gani kwangu. Nadhani ni hii: mtu huyu alifungwa miaka kumi na sita bila mnyororo kuonekana. Alipokuwa huru ndipo akachagua mwenyewe wa kumfunga. Uhuru si kukosa mwenyewe wa moyo wako. Uhuru ni kumchagua, na kumchagua tena kesho asubuhi.

TUFANYE NINI BASI?

Kama wewe ndiye unayehangaika, nenda kwa padri, na nenda hospitali. Vyote viwili. Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake chumbani, kwa sababu arosto ya pombe inaweza kuleta degedege, hata kuua. Madaktari wanajua namna ya kukuvusha salama. Ziko pia nyumba za upataji nafuu. Kumwona daktari si kukosa imani. Daktari anatibu breki, Kristo anamrudishia dereva usukani.

Weka ahadi fupi. Kama miezi mitatu ni mingi, anza na leo. Chunguza saa yako ya hatari ni ipi na njia yako ya hatari ni ipi, kisha panga kitu kingine saa hiyo na pita njia nyingine. Mwambie mtu mmoja unayemwamini.

Kama ni mtu wa nyumbani kwako, usimpe hela mkononi, lakini usimnyime salamu. Akianguka tena baada ya wiki tatu, usiseme kwamba hakuwa na nia. Kumbuka kwamba baada ya wiki tatu kidonda cha ndani bado ni kibichi. Msindikize aanze upya.

Na kama wewe huna tatizo hilo, wewe kijana wa VIWAWA au TYCS unayesoma haya ukijisikia salama, mkumbuke Matt pale nje ya baa. Wote walipita. Safari hii mmoja wetu asipite. Asimame, si kwa ajili ya kununua glasi, bali kwa ajili ya kumtembeza nyumbani.

Tusali:

Ee Bwana Yesu, uliyemtazama Matt pale ambapo marafiki hawakumtazama, watazame ndugu zetu waliofungwa na pombe na dawa za kulevya. Uponye miili yao polepole kama upendavyo, na roho zao uzishike zisikate tamaa. Utufundishe sisi kusubiri pamoja nao. Na kama ni mapenzi yako, mtumishi wako Matt ahesabiwe mapema kati ya wenye heri wa Kanisa lako. Amina.

Mama Maria, kimbilio la wakosefu, utuombee.

Wiki njema wapendwa, tuombeane.

Frateri wenu.